Mtamba wa Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Februari 1984. Kawangware

Joto. Mabati ya paa yanalia tangu saa nne asubuhi, tak, tak, kama mtu anatupa kokoto juu. Cherehani nimeitoa ndani nikaiweka kwenye baraza la Wamuyu, mwenye nyumba, lakini hata hapo gurudumu linachoma mkono. Nimeshona sketi tatu za shule badala ya sita.

Jioni Muia amerudi kazini na rangi nyeupe kwenye nyusi. Wiki hii wanapaka jengo la ghorofa mjini. Akakaa kitandani bila kuvua viatu, nikajua ana neno.

"Mama Wayua, baba anakuja."

Katika miaka saba ya ndoa nimemwona Mzee Nyamai mara mbili, na mara zote mbili alinisalimu akiangalia mlango. Alimwambia Muia kwamba wasichana wa Kitui hawajaisha hata aende kutafuta Mmaragoli. Kwetu hajawahi kufika. Baba yangu hamjui hata kwa picha.

"Anakuja kukaa siku ngapi?"

"Mpaka mvua inyeshe."

Nikacheka. Muia hakucheka.

Alhamisi, 9 Februari

Amekuja na ng'ombe.

Nilikuwa barazani nikitia vifungo. Lori la makaa likasimama njiani, wakashusha magunia, kisha wakashusha mtamba mwekundu, mbavu zote nje, miguu inatetemeka. Halafu mzee mwenyewe, koti jeusi, kofia, kamba mkononi. Watu wa soko wakasimama kutazama. Mtu mmoja akauliza kama nyama inauzwa leo au kesho. Mzee akamwangalia mpaka yule mtu akaondoka.

Muia amenieleza. Walikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Mvua za mwaka jana hazikuja, malisho yakaisha, wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Aliyebaki ni huyu, anaitwa Kasau, yaani ndama kwa Kikamba, ingawa sasa ni mtamba wa kupandwa. Mzee ameona heri amlete mjini kwenye majani ya kando ya barabara kuliko amzike.

Wamuyu amekubali afungwe nyuma ya nyumba, karibu na mabingobingo yake, majani ya kulishia mifugo, ili naye apate samadi. Hilo limekwisha. Lililobaki ni langu. Chumba chetu ni kimoja na pazia katikati, na kwa jambo hili Kitui na Maragoli ni kitu kimoja: baba mkwe halali chumba kimoja na mke wa mwanawe, hata pazia liwe la chuma. Muia alisema atamtafutia mzee chumba. Wapi, na kwa pesa gani? Hakusema. Mzee alikaa nje juu ya debe, kama mtu anayesubiri wengine waone aibu.

Nikafunga nguo zangu kwenye leso nikaenda Lindi, huko Kibera, niwe nalala kwa Nekoye, muuza mandazi. Tunaimba pamoja kanisani, na chumba chake ni chake peke yake.

Ijumaa, 10 Februari. Lindi, halafu Kawangware

Nimeondoka kwa Nekoye alfajiri. Kupita Jamhuri, kupita Dagoretti Corner, mpaka Kawangware ni mwendo wa saa moja na nusu. Wayua alikuwa ameshavaa sare, kifungo kimoja kimerukwa. Ana miaka sita. Babu yake ndiye aliyemvalisha.

Jumatatu, 20 Februari

Joto. Bomba la Wamuyu halijatoa maji siku tatu.

Jumapili, 26 Februari

Kasau amekula shati la shule. Lilikuwa kwenye waya, limepigwa pasi, la mtoto wa mwalimu. Nimekuta kifungo kimoja chini na kipande cha kola. Nikaenda kwa mzee nikiwa nimekishika kile kipande. Aliangalia kipande, akaangalia ng'ombe, akasema na mtoto, si na mimi:

"Wayua, mwambia mama, ng'ombe iko njaa."

Wayua akaniambia. Kana kwamba mimi ni kiziwi.

Alhamisi, 1 Machi

Naandika haya nikiwa na hasira, kwa hiyo nitaandika kidogo. Leo nimeosha vyombo nikamwaga maji mtaroni. Mzee akainuka pale alipokaa, akaja mpaka kwenye mtaro, akatazama maji yakipotea, akarudi kukaa. Afadhali angesema. Nimejisikia kama mwizi kwa ajili ya karai la maji machafu.

Kwetu ukimwaga maji, kesho Mungu anamwaga mengine. Mvua inakuja saa nane, kila siku karibu, na mama hukimbia kuanua nguo akiisema kama jirani mgomvi. Mimi sijui kuyaonea maji huruma. Sikufunzwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba mtoto wangu analala na mimi siko. Muia nikimwambia hujibu, "Ni baba yangu, Kavetsa." Sijamwambia si baba yake.

Jumanne, 13 Machi

Ngurumo mchana kutwa. Mawingu meusi yamekuja juu ya Ngong, yakakaa, yakaondoka. Mzee amesimama nje kutoka saa sita mpaka saa kumi na moja, kofia mkononi. Hakuna hata tone.

Jumatano, 14 Machi

Vivyo hivyo.

Ijumaa, 16 Machi

Nimejua jambo. Kumbe mzee huondoka saa kumi na mbili asubuhi na panga na gunia, kwenda mpaka Ngong Road kukata nyasi kando ya barabara na kwenye nyua za wazungu. Leo nimemkuta Dagoretti Corner, mzigo umemfunika, miguu tu ndiyo inaonekana. Nilimjua kwa koti. Hakuniona, au alijifanya. Ana miaka sabini na kitu. Nikasimama mpaka akapita.

Jumamosi, 24 Machi. Lindi

Leo nitaandika mengi.

Nilimaliza kazi mapema nikarudi Lindi kumsaidia Nekoye. Alikuwa na mandazi ya harusi, amepata unga kwa shida, gunia nusu, baada ya kupanga foleni siku mbili. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Saa nane na nusu upepo ukakatika. Kuku wakaingia ndani wenyewe. Nekoye akasema, "Kavetsa, angalia huko." Upande wa Kambi Muru kulikuwa kweusi kama chungu.

Ilianza na mvua ya mawe. Mawe yalipiga mabati, tukawa tunaongea kwa mikono. Radi ilipiga karibu sana, nikasikia meno yakiuma. Kisha maji. Si mvua ya kwetu, inayoanza polepole kama mgeni mwenye adabu. Hii ilishuka yote mara moja. Ule mfereji wa nyuma ya nyumba, ambao tangu Januari ulikuwa vumbi na makaratasi, ukajaa, ukapita kizingiti, ukaingia ndani na viatu vya watu nisiowajua.

"Unga!" Nekoye akapiga kelele.

Tukapandisha gunia kitandani, maji yakapanda. Nekoye akasimama juu ya kitanda na gunia kichwani, kichwa kimeinama kwa sababu ya paa, akasimama hivyo labda nusu saa, akiimba pambio la kanisa kwa hasira. Mimi nilikuwa nateka kwa sufuria na kumwaga mlangoni, na mlango unarudisha. Huko nje majirani wengine walikuwa wanalia, wengine wanacheka, watoto wako uchi kwenye mvua.

Ilikatika kama ilivyokuja. Nikatoka nje na sketi imefungwa magotini, matope mpaka kwenye nywele, na nikamwona Mzee Nyamai anakuja kwenye kichochoro.

Alikuwa mkavu. Koti kavu, kofia kavu, miguu yake ina vumbi jeupe mpaka kwenye kifundo, na juu ya vumbi matope mapya. Nikaelewa kwamba Kawangware haijanyesha. Aliona mvua kwa mbali, imesimama juu ya Kibera kama ukuta, akaifuata kwa miguu.

Hakunisalimu. Alichuchumaa hapo hapo njiani, akachota udongo, akaunusa. Akachimba kwa kidole, kisha kwa mkono, mpaka udongo ukamfika kwenye kiwiko, akitafuta ulipo mkavu. Watu wakapita wakamwangalia. Halafu akacheka. Sikuwahi kuona meno yake. Ana meno mazuri.

"Imeingia," akasema. "Imeingia mpaka ndani."

Ndipo alipokumbuka kwamba mimi ni mke wa mwanawe, na kwamba amesimama mbele ya mlango ninakolala. Akarudi nyuma hatua tatu, akageuza uso.

"Nilikuwa uliza mama ya mandazi, hapa sijui mtu ingine," akasema. "Mimi nataka ona mbua tu."

"Karibu, Baba," nikasema.

Hakuingia. Alikuwa na panga lake la nyasi. Alizunguka nyuma, akaona mfereji umezibwa na takataka, akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe, akaanza kuchimba. Nikamfuata na jembe la jirani. Tulichimba pamoja mtaro wa kupeleka maji mtoni, yeye mbele, mimi nyuma, na kwa kuwa mtu akichimba haangalii mwenziwe, tukaweza kuzungumza.

"Kwenu mnaita nini hii?" akauliza.

"Imbula."

"Imbula." Akakata mzizi. "Sisi mbua. Ni ndugu."

"Ni ndugu, Baba."

"Kwenu iko namna gani?"

Nikamwambia. Kila alasiri, mwezi baada ya mwezi, na kwamba mama yangu huigombeza kwa sababu ya nguo.

Panga likasimama. "Anagombana na mbua?"

Nilitamani nisingesema. Akaendelea kuchimba. Maji ya Nekoye yalipoanza kutoka, akavaa koti lake.

"Mbingu ni moja," akasema. "Kama imeanguka hapa, na kwetu inakuja. Mimi narudi panda."

"Lakini Baba, hata Kawangware haikufika. Ni hapa tu, upande huu."

"Mbingu ni moja," akasema tena, akaenda zake na vumbi na matope yake.

Unga umepona. Nekoye shingo imemkaza, hawezi kugeuka.

Jumanne, 27 Machi. Kawangware

Ameondoka na lori la makaa, amebeba kunde na mbaazi alizokuwa amezificha kwenye mfuko wa koti siku zote hizi, amezishonea ndani kwa uzi. Mbegu ya mwisho. Kabla ya kupanda lori alinipa kamba ya Kasau. Hakumpa Muia. Aliinyoosha mbele yangu bila kuniangalia, nikaipokea kwa mikono miwili.

Nimelala kwangu. Wayua amenilalia mkono mpaka umekufa ganzi, sikuutoa.

Jumatano, 4 Aprili

Mabingobingo ya Wamuyu yamekwisha. Amesema pole, na ni kweli amesikitika. Sasa mimi ndiye ninayekwenda Ngong Road saa kumi na mbili na gunia. Mlinzi mmoja wa ua alinifukuza. Wa pili alinifungulia lango akasema nyasi za bwana wake zinakauka hata hivyo.

Jumanne, 10 Aprili

Mvua imenyesha! Dakika kumi. Imenyesha ng'ambo ya barabara, kwa muuza mafuta ya taa, na upande wetu vumbi. Watoto walikuwa wanaruka, mguu mmoja kwenye mvua, mmoja nje.

Jumapili, 15 Aprili

Naanza kumjua huyu ng'ombe. Hapendi mtu aje kutoka kushoto. Anakunywa maji ya vyombo, ila ya sabuni anayaacha. Akisikia cherehani huinua masikio. Nikiacha kushona, naye huacha kucheua, ananiangalia.

Jumapili, 22 Aprili. Pasaka

Kanisani tumeombea mvua kwa lugha nne. Nje jua kali. Mchungaji ametuambia tusichoke. Mama mmoja wa Kitui aliyekaa mbele yangu hakuimba hata wimbo mmoja, alishika tu kitabu.

Jumatatu, 30 Aprili

Joto. Mwezi wa nne unakwisha na joto.

Alhamisi, 3 Mei

Mzee amerudi. Nilikuwa nashona, nikaona kivuli kwenye kitambaa, nikainua kichwa. Koti limekuwa kubwa. Hakwenda kwa Kasau kwanza, alikaa kwenye ngazi ya baraza kama mtu aliyetumwa mahali na akasahau ni kitu gani. Nikampa uji. Alikunywa polepole, kikombe chote, akakilamba kando.

Jioni alimwambia Muia, mimi nikiwa nje jikoni nasikia. Ilinyesha siku mbili, kwenye kilima chao tu. Ng'ambo ya mto hawakupata. Akapanda kila kitu. Kunde zikatoka, majani mawili mawili, shamba lote likawa kijani kwa siku tisa. Kisha jua. Alikwenda shambani kila asubuhi kuangalia. Siku ya ishirini na moja hakwenda.

"Wewe ulisema?" Muia akaniuliza baadaye. "Baba anasema ulimwambia mvua ni ya hapo tu."

"Nilisema."

"Na hakusikia."

"Angesikiaje, Muia? Wewe ungeketi na mbegu mfukoni?"

Nimefunga leso yangu nikaenda Lindi bila mtu kuniambia.

Jumamosi, 5 Mei. Kawangware

Mchinjaji wa sokoni amekuja. Ni mtu mpole, hakutaka kutudhulumu. Alimzunguka Kasau, akambonyeza mgongo, akasema kila siku tunayongoja anamchukua mwembamba zaidi, na wiki hii wameletwa wengine wengi kutoka Machakos.

Muia akasema, "Baba, tumuuze. Tununue unga, uupeleke nyumbani."

Mzee akasema, "Uza."

Alisema hivyo tu, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Nikamwona amesimama kando ya Kasau, mkono juu ya nundu, hampapasi. Wamesimama tu kama watu wawili wanaosubiri basi.

Sijui ni nini kilinitoa kwenye cherehani. Sindano ilikuwa katikati ya mshono. Nikamfuata, nikasimama mbele yake, jambo ambalo mke wa mtoto hafanyi, nikasema, "Baba, kwetu kuna majani."

Mchinjaji alikohoa. Muia akaja mbio.

"Kavetsa, nyamaza."

"Kuna majani mpaka yanafunika njia. Baba yangu ana nafasi zizini. Mpelekeni akae huko mpaka kwenu kupone."

"Unataka baba aende kuomba majani kwa watu ambao hakutaka hata kuwaona?" Muia alisema haya kwa sauti ya chini, lakini mzee alisikia. Sote tulisikia. "Na ng'ombe akiingia kwa baba yako akitokea kwetu, Wamaragoli watasema nini? Watasema mahari imefika. Nani atamtoa tena?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ni kweli, watasema hivyo.

Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alifungua kamba akaenda na Kasau kutafuta nyasi. Mchinjaji akasema atapita Jumatano.

Jumapili, 6 Mei

Hajasema.

Jumatatu, 7 Mei

Hajasema. Muia hanisemeshi pia. Nimeshona mashati manne kwa kimya.

Jumanne, 8 Mei

Asubuhi nilipofika, mzee alikuwa barazani na Wayua magotini. Mtoto huyu ana jina la nyanya yake, mke wa mzee, aliyekufa kabla sijaolewa, na mzee humwita "mke wangu" na kumpa ukoko wa sufuria. Alisema, akiangalia mbali:

"Mke wangu, mwambia mama yako aandike barua kwa baba yake."

Wayua akafungua mdomo.

"Nimesikia," nikasema.

Jumatano, 9 Mei

Mchinjaji alipita. Muia mwenyewe ndiye aliyemwambia bado. Kisha akanifuata barazani, akanishikia kitambaa nikikata, kazi ambayo hajawahi kuifanya. "Nilikuwa na aibu," akasema. "Si kwa ajili yako." Nikamwambia ashike vizuri, anapinda.

Barua nimempa Khamala, kaka yake Nekoye. Anaendesha lori la ndizi, huja Nairobi limejaa na kurudi magharibi tupu.

Jumatano, 16 Mei

Jibu la baba yangu. Ni mistari miwili, mwandiko wake wa kukata kama panga: "Ng'ombe peke yake simpokei. Aje na mwenyewe. Shivachi."

Nilimsomea Muia, Muia akamsomea mzee. Nilitegemea atakasirika. Alikuna mguu.

"Ningekuwa yeye," akasema, "ningesema maneno hayo hayo."

Alhamisi, 17 Mei

Mzee amemtuma Wayua aniletee koti lake. Kola imechakaa, kwapa zimeachia, mfuko wa ndani umepasuliwa pale alipotoa mbegu. Nimeweka kola mpya ya kitambaa cha kijivu cha suruali za shule. Nimefanya kazi hiyo vizuri kuliko ninavyofanya ya kulipwa. Muia amehangaika kutwa na kibali cha mifugo, amekipata saa kumi ofisi zikifungwa.

Jumamosi, 19 Mei

Wameondoka. Kasau alikataa kupanda lori kwa Muia na kwa Khamala. Nikapanda mimi kwanza, nikamwita, akanifuata. Mzee akapanda nyuma na ng'ombe, akakataa kukaa mbele na dereva. Hakuaga. Lori lilipokata kona nikaona kofia inapungwa.

Jumatano, 23 Mei

Baridi imeanza. Hatujasikia lolote.

Ijumaa, 25 Mei

Khamala amerudi na mzigo, nikamkimbilia. Aliwashusha Chavakali, soko la kwetu, saa tisa, mvua inanyesha. "Watu wote walikuwa chini ya paa la duka," akasema. "Nikamwita, Mzee, njoo ujikinge! Hakusikia. Alisimama katikati ya soko na ng'ombe wake, wote wawili wamefumba macho." Kutoka hapo alimwona akipanda njia ya kwetu akimuuliza kila mtu nyumba ya Shivachi. Zaidi ya hapo hajui.

Baba yangu si mtu rahisi. Miaka saba alikuwa akiniuliza kwenye kila barua, "Wakwe zako wana miguu?" Sijalala vizuri.

Jumatatu, 28 Mei

Bado. Muia amepaka ukuta mmoja mara mbili, msimamizi amemgombeza.

Jumatano, 30 Mei

Amerudi mchana wa leo, ana kuku wawili na mfuko wa wimbi, na uso umejaa kidogo. Muia alikuwa kazini. Nikadhani atangoja mwanawe aje ndipo aeleze. Lakini alivuta debe, akakaa kando ya cherehani, ubavu wake kwangu, macho barabarani, akaanza.

"Baba yako ni mkali."

"Ndiyo, Baba."

"Aliniacha uani. Hakusalimia. Alikuwa anatengeneza mpini ya jembe, akatengeneza mpaka ikaisha, akaanza ingine. Mimi nasimama. Ng'ombe inasimama."

Niliacha kukanyaga cherehani.

"Halafu mbua ikaja. Akaona mimi siondoki. Akasema, ingia. Mama yako akaleta chai. Nikamwambia yeye, Shivachi, huyu ni ng'ombe ya mwisho. Nilikuwa na kumi na moja, sikukuletea hata moja. Sasa nimebaki na moja, nimeleta. Chukua, ni ya binti yako. Nimechelewa."

Muia alikuwa amesema Wamaragoli watadhani. Hakufikiri kwamba ni mzee mwenyewe atakayesema.

"Akasema nini?"

"Akatoka nje na mbua, akaangalia ng'ombe, akashika mbavu. Akarudi, amelowa. Akasema: ng'ombe yenye njaa si mahari. Hii ni mgonjwa, na mgonjwa hukaa kwa jamaa yake. Itakula, itapandwa, itazaa. Ukipata ndama, rudi nayo Kitui uanze zizi. Siku zizi ikijaa, ndiyo uje tena na wazee wako, utembee kwa mlango mbele, tuongee mahari kama watu."

Barabarani gari la maji lilipita, watu wakilikimbilia na madebe.

"Nimekaa siku kumi," akasema. "Tumeongea mpaka ulimi ikachoka. Kiswahili yake ni mbaya kama yangu."

Kesho kutwa anarudi Kitui. Anataka kurekebisha matuta yote ya shamba kabla ya Oktoba, na wimbi la baba yangu ni mbegu. Nikamwambia akae hata wiki moja, mimi Lindi nimeshazoea. Akasema hapana, mtoto alale na mama yake.

Kisha akaniomba karatasi. Nikachana ukurasa wa daftari hili, nikamwandikia baba yangu alivyosema mzee: kwamba amefika salama. Kwamba Kasau apewe chumvi, na asifikiwe kutoka kushoto. Hilo la kushoto nilimkumbusha mimi, akakubali. Kwamba kuku mmoja alitaka kufa njiani lakini amepona.

"Sasa andika," akasema, "binti yako hajambo."

"Baba, ni mimi ninayeandika. Atajua sijambo kwa mwandiko."

"Andika." Aligeuka kwenye debe, akaniangalia usoni. Macho yake yana rangi ya chai. "Wewe unashika kalamu tu. Ni mimi ninamwambia."

Nikaandika: Binti yako hajambo. Yuko kwetu.